Ruhusa ya Kusikiliza

Kapita, msimamizi wa wafanyakazi wa kampuni, alibisha mara moja, akaingia kabla ya kuambiwa karibu. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Virginie alikuwa anapiga pasi mashati ya watu, na makaa ndani ya pasi yalikuwa yamekolea vizuri.

"Mama Edith, niko na mabarua mbili."

"Soma."

Kapita alizisoma kwa Kifaransa, kwa sauti ya juu, ili kambi nzima isikie kwamba anajua. Barua ya kwanza ilisema nyumba ni mali ya Transports Crombeke, na kwa kuwa Donat Mumba si mfanyakazi tena, familia yake ihame katika siku kumi na tano. Ya pili ilitoka ofisi ya mji. Mfungwa huyo akishamaliza adhabu yake, bila kazi na bila nyumba, hataruhusiwa kukaa Elisabethville. Yeye, mke na mtoto watarudishwa kwao Lukafu.

"Bwana yangu iko na siku sita tu mu gereza," Virginie alisema. "Mulishachoka kumungojea?"

"Mi nilitumwa tu."

"Na kuingia bila karibu, ni bureau njo ilikutuma pia?"

Kapita alicheka kidogo, akaanza kukagua vitu vya nyumba. Kitanda cha chuma, meza, viti vitatu, vyote vilikuwa na alama ya kampuni. Alipofika kwenye redio, ile ya bati la buluu iliyofanana na sufuria, iliyotoka ng'ambo ya mpaka kupitia Mokambo, alinyoosha mkono.

"Na hii?"

"Hii ni yetu. Iko na kartasi yake ya posta, ya kusikiliza. Tulilipa."

"Patron atauliza."

Virginie aliweka pasi juu ya meza, karibu kabisa na vidole vya kapita. Kapita akavirudisha mfukoni.

"Umuambie patron," Virginie alisema, "kama iko na swali, mi niko na masikio."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Katika ofisi ya Transports Crombeke, nyuma ya ghala la mahindi, kulikuwa na mashine ya kusema na kusikia ambayo wafanyakazi waliiita foni. Bwana Crombeke aliiunda kwa mikono yake, akaweka nyingine ndogo katika malori manne ya njia ya Mokambo. Kwa miaka mitatu Donat alikaa mbele ya foni ile akiwauliza madereva wako wapi, wamepakia nini, barabara ikoje. Kila mara alianza kwa kutaja herufi ambazo bwana alimwandikia kwenye kipande cha karatasi. Alidhani ni jina la kampuni. Mwezi wa kumi wa mwaka 1955, foni ile iliharibika, kelele yake ikamwagika hadi kwenye njia ya redio ya ndege, na kwa dakika nne rubani aliyekuwa akishuka na abiria hakusikia kiwanja kinamwambia nini. Ndege ilishuka salama. Kesho yake wakaguzi walifuata kelele ile hadi kwenye ghala la mahindi, wakamkuta Donat na mdomo kwenye maikrofoni.

Kortini Bwana Crombeke alisema mashine ni mchezo wake wa saa za mapumziko, kwamba alikwenda kula nyumbani, na kwamba boyi wake aliigusa kwa siri. Kisha akasimama Mulenga, dereva wa lori la tatu, aliyemshika Edith kanisani siku ya ubatizo. Mulenga aliapa kwamba Donat alinunua foni ya lori lake ng'ambo ya Mokambo, "ili tusalimiane". Yale malori mengine matatu yalipokaguliwa, hayakuwa na kitu. Mashine za malori hayo zilikuwa zimelala ghalani chini ya magunia tangu alfajiri.

Hakimu alitoa miezi miwili. Donat alitoka kortini bila viatu, kwa sababu viatu vilikuwa vya kampuni.

Jumapili Virginie alikwenda kwa kaka yake mkubwa, au yaya kama alivyomwita, Godefroid, karani wa posta, aliyekuwa na nyumba ya matofali na chumba kimoja cha nyuma kilichojaa magazeti ya zamani. Alimkuta amevaa tai, ingawa hakukuwa na mgeni.

"Yaya, ku bureau ya Crombeke kuko kartasi ukutani, mu kioo. Ni kartasi ya nini?"

"Ile ni licence ya amateur, ruhusa ya redio," Godefroid alisema.

"Njo nini, ile?"

Godefroid alilegeza tai. Alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa.

"Sikia. Licence ya redio haiko moja, dada. Iko mingi, na kila moja iko na sababu yake. Ya kwanza ni ya kusikiliza. Weye na ile sufuria yako. Unalipa kidogo ku guichet ya posta mara moja ku mwaka, banakupa kartasi, basi. Habakuulize kama ulisoma. Juu ya nini? Juu mwenye kusikiliza hawezi kuharibia muntu kitu."

"Hawezi?"

"Atamuharibia nini? Iko na sikio tu. Ya pili njo amateur, muntu wa kuchezea redio tu. Ule banamupa examen, banapima kichwa yake mwenyewe. Juu ule muntu banamuruhusu kujenga mashine na mikono, kuongeza nguvu, kutembea huku na huku mu hewa, kusema na muntu wa Brésil. Kama ni mujinga, ataingia mu njia ya bengine. Lakini hata iko na akili namna gani, kuko kitu kimoja banamukatalia."

"Nini?"

"Biashara. Asalimie barafiki, aseme mvua, aseme antenne yake. Mahindi, apana. Lori, apana."

"Na kampuni, inaongea namna gani na malori yake?"

"Kampuni ni kartasi ingine. Kule habapime muntu, banapima mashine. Posta inaifungia njia moja tu. Dereva anaweza kukosa hata kusoma, atafinya kifungo na kusema, haitaharibu kitu, juu mashine haiwezi kutoka ku njia yake. Lakini kampuni inalipa kwa kila mashine, kila mwaka, na inangojea zamu yake. Ndege, ambulance, polisi, bale iko na njia yabo, na hakuna muntu wa kuingia. Kule muntu anaweza kufa."

Virginie alikuwa ameacha kunywa chai. "Kumbe banapima kartasi na kile muntu anaweza kuharibu."

"Njo vile. Umesikia muzuri."

"Basi Crombeke alichukua kartasi ya muchezo, ya bure bure, akaifanyisha kazi ya kampuni juu asilipe. Na zile herufi bwana yangu alikuwa anataja kila siku, ni jina ya muzungu. Bwana yangu alikuwa anaita mahindi na jina ya muzungu."

Godefroid alikaza tai tena. "Mi sikusema vile."

"Ulisema yote, yaya. Mi niliunganisha tu."

"Virginie. Uko na mutoto. Ungojee bwana yako atoke, mutaenda Lukafu, mutalima."

"Donat hajui kulima. Mama yake mwenyewe anamucheka. Na mi sikuzaliwa Lukafu, nilizaliwa hapa hapa."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka Donat atoke na kartasi yake safi. Na nataka ule muzungu anyamazishwe. Pale pale mbele ya mashine yake, na mikono yake miwili iko nayo, na mudomo iko nao, na asiweze kusema kitu."

Godefroid alitazama mlangoni. Mkewe alikuwa uani, mbali. Hata hivyo alikwenda kuufunga.

Siku ya kumi na tano Virginie alihamia chumba cha magazeti kwa Godefroid pamoja na Edith, mtoto wa miaka sita, na ile redio. Viti alivirudisha kwa kampuni mwenyewe, kimoja kimoja kichwani, akapita nacho mbele ya dirisha la ofisi.

Mvua zilianza. Barabara ya Mokambo ikawa uji, na malori yakaanza kuzama. Virginie alijua kwamba mtu mwenye malori manne yaliyozama hawezi kukaa kimya muda mrefu. Betri ya redio ilikuwa inakufa, na hela ya betri mpya haikuwepo, kwa hiyo alikuwa anaifungua saa saba ya mchana na saa kumi na moja tu, zile saa ambazo Donat alikuwa anakaa kazini. Alizungusha kifungo polepole kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga. Siku tatu alisikia milio na Wareno. Siku ya nne alisikia sauti ya Bwana Crombeke.

Ujanja wake ulikuwa mwepesi. Alianza kwa Kifaransa, akitaja herufi zake, akimsalimia rafiki ambaye hakuwepo, akisifu hali ya hewa. Kisha akageukia Kiswahili, kile cha kuagiza maji ya kunawa.

"Weye ya pili! Iko wapi? Mufuko ngapi?"

Na kutoka mbali, katikati ya mikwaruzo, dereva akajibu kwamba yuko kilomita thelathini kutoka Mokambo, mifuko mia mbili na kumi, tairi la nyuma limepasuka.

Virginie aliandika yote katika daftari la shule la Edith. Tarehe, saa, nani alisema, alisema nini. Aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu kilichosemwa kilisemwa kwa Kiswahili, na hakutaka neno hata moja lipate nafasi ya kujitetea. Lori la tatu halikusikika; Mulenga alikuwa bado anasubiri apewe foni nyingine. Siku tisa, kurasa kumi na nne.

Siku ya tisa, Honorine alikuja. Honorine alikuwa mke wa Mulenga. Alikuwa na mimba ya miezi saba na samaki wakavu kwenye kikapu, na alisimama mlangoni kama mtu anayeuza.

"Mama Edith, nilikuwa naogopa kuja."

"Ingia. Miguu yako imevimba. Kaa ku kitanda, viti nilirudisha ku kampuni."

Honorine alikaa, akaanza kulia bila sauti. "Mulenga halale. Patron alimuambia, useme vile, ao nipatie muntu mwengine lori. Na mi niko hivi. Angefanya nini?"

"Hata mi sijui."

"Unatuchukia?"

"Weye, apana."

Honorine alifuta uso kwa kitenge. Walikuwa wamechota maji kwenye bomba moja miaka saba, na hakuna aliyewahi kumchotea mwenzake ndoo isiyojaa. Virginie alipokea samaki, akawanusa, akasema ni wazuri.

"Na bwana yako sasa iko wapi?" aliuliza.

"Ameenda Mokambo jana. Bamemupatia foni ingine. Ijumaa njo anarudia."

"Ijumaa," Virginie alisema. "Mungu amusaidie na ile matope."

Ijumaa asubuhi alikuwa posta, kwenye dirisha la pembeni, la weusi. Karani wa dirisha, kijana aliyemfahamu fika kuwa ni dada ya Godefroid, alijifanya hamjui.

"Unataka timbre ya barua?"

"Nataka inspecteur wa redio."

"Juu ya nini?"

"Juu ya muntu anafanya biashara na licence ya amateur."

Kijana alisoma ukurasa wa kwanza wa daftari, akalisukuma nje. "Hii ni Kiswahili. Plainte, ile ya kushitaki muntu, inaandikwa mu Kifaransa. Rudia na kartasi ya muzuri."

"Muntu akiiba mbuzi, utamuambia mwenye mbuzi alete ng'ombe? Ule muntu alifanya kosa yake mu Kiswahili. Mi naileta vile iko."

"Mama, kuko bantu nyuma yako."

Alisogea pembeni, hakutoka. Alisimama penye ukuta tangu saa tatu hadi saa nane. Mara mbili mlinzi alimwambia asiegemee rangi. Saa nane inspekta alirudi kutoka chakula, mtu mwembamba mwenye masikio mekundu kwa jua, na Virginie akasimama mbele yake njiani, akasema kwa Kifaransa cha masista, taratibu, sentensi aliyoiandaa njia nzima: ile foni iliyofunika sauti ya ndege inafanya kazi bado, na mimi najua saa.

Inspekta alisimama. Alikuwa amekemewa na wakubwa zake kwa zile dakika nne. Alimwita karani wa kutafsiri, na karani aliyekuja, akiwa na kijasho juu ya mdomo, alikuwa Godefroid.

"Unamfahamu mwanamke huyu?"

"Ni dada yangu, monsieur l'inspecteur," Godefroid alisema, na Virginie alimwona akimaliza kusema hivyo kama mtu aliyevuka mto.

Chumba cha kusikilizia kilikuwa juu. Kulikuwa na mashine kubwa na daftari ambamo mlinzi wa mawimbi aliandika kila alichosikia. Inspekta alifunua kurasa za wiki mbili, akatafuta zile saa alizozitaja Virginie. Kila mara mlinzi aliandika vivyo hivyo kwa penseli: Kiswahili, wenyeji, hakuna kitu. Kiswahili, wenyeji, hakuna kitu.

"Alisikia," Godefroid alimnong'oneza dada yake. "Alisikia kila siku."

"Muambie," Virginie alisema, "ule muzungu alijificha mu luga yetu, juu alijua hakuna muntu wabo atamutafuta mule."

Godefroid alitafsiri. Masikio ya inspekta yalizidi kuwa mekundu.

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili, sauti ya Crombeke iliingia, safi kuliko kwenye sufuria. Herufi zake. Salamu kwa rafiki. Hali ya hewa. Kisha: "Weye ya tatu! Iko wapi?"

Mikwaruzo. Halafu sauti nzito, yenye mafua.

"Niko ku kilomita arobaini, patron. Lori imezama. Mifuko mia mbili na hamsini, yote iko muzuri. Patron, nakuomba, mutume muntu ku bibi yangu, amuambie nitachelewa. Asingojee."

"Bibi, apana! Mimi nauliza lori!"

Godefroid alitafsiri kilomita, akatafsiri mifuko. Pale penye mke aliruka.

"Sema yote," Virginie alimwambia. "Usiruke."

Akatafsiri na hayo. Inspekta aliandika, akainua kalamu.

"Huyu anayejibu ni nani?"

Godefroid alitazama viatu vyake. Alikuwa amekula harusini kwa Mulenga. Alijua mwezi wa Honorine. Ilikuwa rahisi kusema hajui. Dereva ni dereva, sauti ni sauti, na kosa la Crombeke lilikuwa limeshatosha hapo kwenye karatasi. Virginie naye alilijua hilo. Alingoja kidogo, si kwa kusita, bali ili kaka yake apate nafasi ya kusema mwenyewe. Godefroid hakusema.

"Mulenga," Virginie alisema. "Mulenga Mwape, dereva wa lori ya tatu. Ule aliapa mu korti kwamba foni yake ilikuwa ya bwana yangu. Ile foni, korti ilishaichukua. Na hii anasema nayo leo, ni ya nani?"

Inspekta aliandika jina, akaliandika tena vizuri zaidi Virginie alipomsomea herufi.

Jumatatu wakaguzi walikuja kwenye ghala la mahindi wakiwa na waya na mihuri ya risasi ya kufungia. Virginie alisimama ng'ambo ya barabara na kikapu cha nguo kichwani, mahali ambapo mtu yeyote ana haki ya kusimama. Walishusha antena kutoka paani. Walikata waya, wakafunga mashine kwa mihuri ile, wakachukua ile karatasi ya ukutani pamoja na kioo chake. Kabla hawajaigusa antena, foni ilikuwa bado inafanya kazi, na sauti yake ilifika hadi barabarani. Dereva wa kwanza alikuwa anaita, anaita, akiuliza apite njia gani, na Bwana Crombeke alikuwa amesimama mbele yake na mikono imekaa kiunoni, na hakuruhusiwa kumjibu. Kupitia dirisha Virginie aliona mdomo wake ukifunguka na kufungwa. Alikaa pale mpaka yule dereva akachoka kuita.

Mulenga alishikwa na polisi kwenye kizuizi cha kuingia mji, na matope hadi magotini. Alisema ukweli wote kabla ya kuulizwa mara ya pili. Kwa ukweli ule Donat alitoka siku ya arobaini na tisa, hukumu yake ikafutwa kwenye kitabu chake cha utambulisho, na barua ya Lukafu ikakosa nguvu. Kwa ukweli huohuo Mulenga alipata miezi mitatu, kwa kiapo cha uongo.

Bwana Crombeke hakulala gerezani hata mara moja. Alilipa faini, akaenda kula nyumbani. Aliomba ruhusa ya kampuni, ile ya kulipia kila mashine, akaambiwa angoje zamu yake kama wengine. Alingoja majuma kumi na moja, ya mvua tupu. Malori yake yalipotea mabubu barabarani. Moja lilikaa kwenye matope siku nyingi hivi kwamba mahindi yalichipua ndani ya mifuko, na watu wa njiani waliliita shamba la Crombeke. Wanunuzi wake wawili walihamia kwa wengine. Virginie alizipokea habari hizi moja moja, akiwa anapiga pasi, na kila moja aliomba aambiwe mara mbili.

Karatasi mpya ilipotoka, gari la Crombeke lilikuja kwenye uchochoro wa Godefroid. Hakushuka. Alipiga honi.

Donat alisimama kutoka kitandani. Gerezani alikuwa amejifunza kusimama haraka.

"Ni patron."

"Patron wa nani?" Virginie aliuliza.

"Labda iko na kazi. Foni mupya, hakuna muntu anaijua kama mi."

"Kama iko na kazi, iko na miguu pia. Mulango ni huu."

Honi ililia tena. Watoto wa uchochoro walikuwa wameshajipanga. Jirani mmoja alipaza sauti kuuliza kama kuna harusi. Donat aliweka mkono kwenye kitasa na hakukizungusha, na Virginie hakumzuia; alimtazama tu, akiwa ameshika pasi. Honi ya tatu ilikuwa ndefu. Kisha gari liligeuka kwa shida katika uchochoro ule mwembamba, likikwaruza ukuta pande zote mbili, likaenda.

"Tutakula nini?" Donat aliuliza.

"Mu mutaa ya Kamalondo kuko maredio mingi yenye kuharibika. Utayatengeneza. Tutakula ile."

Alikaa tena kitandani. Baada ya muda alisema, "Nani alimutaja Mulenga?"

"Balisikia sauti yake mu mashine," Virginie alisema, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Honorine alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kwa kuwa kampuni ilimtoa naye kwenye nyumba, alikaa kwa shangazi yake. Ugonjwa wa uzazi ulimchelewesha kitandani. Alimtumia Virginie ujumbe, akamwomba, kama dada, ampelekee Mulenga chakula Jumapili ile moja, kwa sababu chakula cha gereza kinamuua.

Donat alitaka kwenda yeye. Virginie alikataa. Alisonga bukari, ugali mweupe, akapika mboga ya lengalenga kwa karanga na wale samaki wa Honorine, ambao alikuwa hajawahi kuwapika. Alifunga sahani kwa kitambaa safi na kutembea.

Mulenga alikuwa amekonda. Alimwona akadhani amekuja kumtukana, akarudi nyuma hatua moja.

"Honorine njo amenituma," Virginie alisema. "Amezaa. Mutoto mwanamuke, iko muzima. Na mama iko muzima, amechoka tu."

Mulenga alikaa chini. Alifungua kitambaa, akaosha vidole kwa maji kidogo ya mlinzi, akaanza kula, na machozi yakamtoka wakati anatafuna.

"Mama Edith. Nilikufanyia mubaya, na unaniletea chakula. Sijui nikuambie nini."

Virginie alimwacha ale tonge la pili na la tatu.

"Ile siku ya Ijumaa," alisema, "ulikuwa na mafua. Ulimuomba patron amuambie Honorine asingojee. Alikukatalia."

Mkono wa Mulenga ulisimama juu ya sahani. "Ulijua namna gani?"

"Nilikuwa pale. Inspecteur aliuliza ni nani anajibu. Yaya Godefroid alinyamaza juu yako. Mi njo nilisema. Jina yako, na ya baba yako, na lori yako. Nilimusomea na herufi."

Mulenga alitazama bukari, akamtazama yeye. Nyuma yao mlinzi alisema zimebaki dakika tano.

"Honorine anajua?"

"Apana. Ukitoka, utamuambia ao utaacha. Ni yako." Alisogeza sahani karibu na magoti yake. "Kula. Nimetembea njia yote hii, sitarudia na chakula."

Alikula. Alikula polepole, akimeza kwa shida, na Virginie alisimama juu yake hadi sahani ilipobaki nyeupe. Kisha aliifunga katika kitambaa na kwenda kumwambia Honorine kwamba mumewe amekula vizuri, amemaliza yote.